Jinsi ya kudizaini kitu ambacho mtu atakitumia kweli, sio kukifunika kitambaa

Kuna boksi la dawa nimemtengenezea bibi yangu mara tano. La kwanza ndo lilikuwa la kisasa kuliko yote, lina taa, lina kengele, lina kisaa ndani kinachohesabu masaa, nilikesha wiki tatu nalehemu nyaya mpaka macho yakawa mekundu, na ndo hilo hilo lililodumu siku chache kuliko yote, manake siku ya nne nikakuta kengele imezibwa na plasta, ile ile ya kubandika kwenye kidonda. Sikukasirika sana ila nilijua kazi nilikuwa nimeianzia mkiani.

Kwahiyo leo nataka nieleze hatua za kudizaini kitu kama mainjinia wanavyofanya, kwa lugha ya kawaida tu, na boksi la bibi ndo litakuwa mfano wetu. Ukifungua vitabu utakuta wamechora duara lenye mishale: elewa tatizo, andika vigezo, tafuta mawazo, chagua moja, tengeneza prototaipu (yaani mfano wa kujaribia), jaribu, rekebisha, rudia. Duara liko sahihi kabisa, sema halikwambii wapi pa kukaa muda mrefu na wapi pa kupita haraka. Kwa maoni yangu nusu ya kazi iko kwenye hatua ya kwanza, na nusu ya iliyobaki iko kwenye ile ya mwisho ambayo wengi hata hawaifanyi, yaani kurudi kuangalia kile kifaa kimemfanya nini mtu uliyempa.

Kaa na mtu kabla hujashika bisibisi

Mi nilianza na jibu. Nilisikia kwenye simu kwamba bibi anachanganya dawa, nikasema basi anasahau, na mtu anayesahau anahitaji kengele. Hakuna aliyeniambia anasahau, nilijiambia mwenyewe. Baada ya ile plasta ndo nikaenda kukaa naye siku nzima, sijabeba kitu zaidi ya daftari na kalamu, nikamuuliza, "Bibi, hivi saa ya dawa huwa inakupita?" Akaniangalia kama nimemtukana. "Inipite vipi mjukuu wangu? Saa naijua. Nisichojua ni kama nimeshameza au bado."

Hapo kila kitu kikabadilika. Shida haikuwa muda, shida ilikuwa ushahidi. Anafungua chupa, anameza, mtu anabisha hodi, anaenda anaongea naye weee, akirudi anaikuta chupa mezani anabaki anajiuliza, hivi nilimeza au ndo nilikuwa nataka kumeza? Chupa ya vidonge 30 ukitoa kimoja inaonekana vile vile tu. Na kengele yangu ndo ilikuwa inaongeza hatari, kwa sababu akimeza mapema kidogo alafu kengele ikalia, anadhani bado, anameza tena. Yaani nilikuwa nimetengeneza mashine ya kumzidishia bibi dozi na nikaipaka rangi nzuri.

Kwahiyo hatua ya kwanza fanya hivi: usimuulize mtu anataka kifaa gani, muombe akuonyeshe anavyofanya sasa hivi, kwa vitu vyake, pale pale anapofanyia, saa ile ile. Angalia mikono. Angalia anakaa wapi, anafungua nini kwa meno, amefunga nini kwa kamba au mpira, manake kamba yoyote utakayokuta imefungwa kwenye kifaa ni lalamiko ambalo mwenyewe hajalisema kwa mdomo. Vile vimenyeo vya kumenyea viazi vya kampuni ya OXO, vyenye mpini mnene laini, vilivyotoka 1990, vilianzia hapo hapo: mwanzilishi wake Sam Farber alimwona mke wake Betsey anahangaika kushika kimenyeo cha kawaida kwa sababu ya baridi yabisi ya mikono. Wenye vidole vizima nao wakavipenda.

Kinyume chake ni ile pampu ya PlayPump, bembea ya kuzunguka ambayo watoto wakicheza maji yanapanda kwenye tangi. Wazo tamu, kwenye picha linapendeza, zikafungwa nyingi kusini mwa Afrika miaka ya 2000. Sasa mtoto anacheza akijisikia, sio maji yakihitajika, ikaishia watu wazima, hasa wanawake, wanaizungusha bembea kwa mikono ili wajaze ndoo, kazi ambayo pampu ya mkono ya kawaida ingewafanyia kwa jasho dogo zaidi. Mchezo ulifikiriwa sana kuliko ndoo.

Ukimaliza kuangalia, andika tatizo kwa sentensi moja, na hiyo sentensi isiwe na jina la kifaa ndani yake. Yangu ya mwanzo ilikuwa "bibi anahitaji boksi lenye kengele", ambayo sio tatizo, hayo ni manunuzi. Ya pili ikawa "bibi hawezi kujua kwa kuangalia tu kama kidonge cha saa hii ameshameza." Hiyo unaweza kuijibu kwa njia kumi na kengele inaweza isiwemo hata moja.

Vigezo viwe vya kupimika

"Kiwe rahisi kutumia" sio kigezo, ni dua. Kigezo ni kitu ambacho mtu mwingine akija na rula na saa anaweza akakwambia umefaulu au umefeli. Vyangu nilivyoandika: afungue kijumba kimoja kwa mkono mmoja bila kutumia kucha ndani ya sekunde 5, aone kidonge kipo au hakipo kwa taa ya chumbani bila kuvaa miwani, boksi likidondoka toka mezani (sentimita 75 hivi) vifuniko visifunguke, vijumba viwe 21 kwa sababu ni siku 7 mara 3 kwa siku. Na pembeni nikaandika mipaka, yaani vitu ambavyo siwezi kuvibadilisha nitake nisitake. Mfano dawa nyingine hazitakiwi kutolewa kwenye pakiti yake, unyevu au mwanga unaziharibu, hiyo nilienda kumuuliza mfamasia kwanza na kweli dawa moja ya bibi ikabidi ibaki ndani ya pakiti, kwahiyo kijumba kikatakiwa kitoshe kipande cha pakiti na sio kidonge tu. Ningejenga kwanza ndo niulize ningerudia yote.

Kila namba iandikie na yuniti yake, hata kama unafanya kazi peke yako. Mwaka 1999 chombo cha anga cha Marekani kinaitwa Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika sayari ya Mirihi, sababu programu ya timu moja ilikuwa inatoa namba kwa vipimo vya paundi na timu nyingine ikazisoma kama ni nyutoni, kipimo kingine cha nguvu ya msukumo. Na wale wanajua hesabu kuliko mimi na wewe.

Sasa utafika mahali vigezo vyako mwenyewe vinagombana, na hapo ndo uhandisi wenyewe unaanza. Kwa bibi kuna kitukuu anakuja wikiendi, ana miaka miwili, anaweka kila kitu mdomoni. Kifuniko kikiwa chepesi kwa vidole vyenye baridi yabisi ni chepesi pia kwa mtoto. Vile vifuniko vya chupa za dawa vya kukandamiza huku unazungusha vimetengenezwa makusudi vimshinde mtoto, tatizo vinamshinda na mzee. Kuweka juu kabatini? Bibi mwenyewe hafiki. Nilizunguka na hili karibu wiki, nachora springi, nachora loki, mpaka bibi mwenyewe akasema si mtoto anakuja Jumamosi na Jumapili tu, hizo siku mbili boksi zima likae kwenye sanduku langu lenye kufuli. Basi. Loki zote 21 zikafutika kwenye daftari kwa sababu ya sanduku ambalo lilikuwepo siku zote chini ya kitanda. Sio kila kitu lazima kitatuliwe ndani ya kifaa, kingine kinatatuliwa na namna ya kukitumia.

Mawazo mengi, kisha chagua bila huruma

Hapa sikai sana. Chora mawazo angalau kumi kabla hujalipenda lolote, yale matatu ya mwanzo huwa ni vitu ulivyoshaviona mahali, kuanzia la sita ndo akili inaanza kutafuta. Alafu chora jedwali, vigezo upande mmoja mawazo upande mwingine, toa alama. Jedwali halitakuchagulia, kazi yake ni kukuonyesha pale unapodanganya, manake ukijikuta unabadilisha alama ili wazo lako pendwa lishinde, umejijua. Langu pendwa lilikuwa bado ni la taa. Lililoshinda lilikuwa boksi la vifuniko vinavyoonyesha ndani, halina betri hata moja, ukiona kidonge hujameza, usipoona umemeza, full stop.

Prototaipu ya kwanza iwe mbaya

Tumia karatasi ngumu, gundi, selotepu, vifuniko vya chupa, chochote. Ikikupendeza sana utaona uchungu kuikosoa, na mbaya zaidi mtu unayemjaribishia ataona aibu kukwambia ukweli, atasema "nzuri sana mwanangu" kwa sababu ameona ulivyohangaika. Kitu cha karatasi mtu anakisema vibaya bila wasiwasi. Na kila prototaipu iwe na swali moja. Ya kwangu ya karatasi swali lilikuwa: kijumba kiwe kipana kiasi gani ili kidole chake kiingie na kitoke na kidonge? Nilikata saizi nne. Yeye akachagua ambayo mimi ningeiona kubwa kupita kiasi.

Alafu fuata mfano wa Orville na Wilbur Wright, wale ndugu wawili wa Marekani waliounda ndege. Mabawa yao yalikuwa hayanyanyui kama hesabu zilizochapishwa zilivyokuwa zinaahidi, kwahiyo mwaka 1901 badala ya kuendelea kujenga ndege nzima nzima wakatengeneza kiboksi cha kupitisha upepo wakajaribu maumbo madogo ya mabawa, kwenye 200 hivi. Ndo wakapata hesabu zao wenyewe, na Desemba 1903 wakaruka, mara ya kwanza sekunde 12 tu. Jaribu kipande kinachokutia wasiwasi peke yake, usisubiri kitu kizima kikamilike ndo ugundue bawaba haifungi.

Kutesti: fumba mdomo

Hili ndo gumu kwa watu wote ninaowajua. Boksi la pili, la plastiki ya kuona ndani, lilikuwa na vifuniko vya kubonyeza pembeni kwa dole gumba. Nikamwekea bibi mezani nikamwambia, "Bibi, fungua ya leo mchana," nikakaa pembeni na saa. Akalishika. Akaligeuza. Dole gumba lake halikunji vizuri kwahiyo akatumia kiganja, kikateleza, akajaribu tena, sekunde 20 zimepita na mimi nina hamu ya kusema "hapo pembeni bibi, hapo!" Nikajizuia. Akaligeuza boksi juu chini akaligonga kwenye kiganja kama mtu anayetoa chumvi, vifuniko vitatu vikafunguka kwa pamoja na dawa za siku tatu zikatapakaa mezani, nyingine zikaingia chini ya kiti. Akasema taratibu, "Hili nalo halinipendi."

Ningesaidia ile sekunde ya tano nisingejua lolote kati ya hayo. Kwahiyo sheria ni hii: mpe mtu kazi ya kufanya, usimpe maelekezo, usimsaidie, andika alichofanya mkono na sio alichosema mdomo. Na usiseme amekosea. Kifaa ndo kimefeli, mtu amefanya kilichokuwa kinaleta maana kwa mtu mwenye dole gumba lisilokunja.

Kuna testi ya pili ya kurudia rudia. Kitu kinaweza kupita mara moja kikafa mara ya elfu moja. Ndege mbili za Comet, ndege za abiria za Uingereza, zilipasukia angani 1954, wachunguzi wa Uingereza wakazamisha mwili mzima wa ndege kwenye tangi kubwa la maji wakawa wanaujaza presha na kuipunguza kama vile inapaa na kutua, tena na tena, na ilipofika mizunguko kama 3,000, ukijumlisha na safari zake za kweli za kabla, bati likachanika. Ilikuwa uchovu wa chuma, kila safari inaongeza ufa kidogo. Mimi nilifungua na kufunga kifuniko kimoja mara 500 huku nasikiliza redio, mara ya 300 na kitu bawaba ya plastiki ikawa nyeupe, nikajua haimalizi mwaka.

Na testi ya tatu, wajaribu ni akina nani? Kile kifaa cha kubana kwenye kidole kupima oksijeni, mwaka 2020 utafiti wa Marekani uliochapishwa kwenye jarida la kitabibu ulionyesha kinapitiwa na upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi kuliko kwa weupe. Kinapima kwa kupitisha mwanga kwenye ngozi, na rangi ya ngozi inaingilia. Hakuna skrubu iliyolegea pale, watu wa kujaribia ndo walikuwa hawatoshi. Ukijaribu kwa watu wanaofanana na wewe utapata kifaa kinachokufaa wewe.

Nirudi kidogo kwenye kengele, manake najua kuna mtu bado anataka kuweka. Kengele ikilia mara nyingi bila sababu mtu anaacha kuisikia. Mashine ya mionzi ya kutibu saratani ya Therac-25 kati ya 1985 na 1987 iliwapiga wagonjwa 6 mionzi kupita kiasi, kuna waliokufa, na moja ya mambo yaliyochangia ni kwamba mashine ilikuwa inatoa ujumbe wa hitilafu usioeleweka mara kwa mara hadi waendeshaji wakazoea kubonyeza kitufe cha kuendelea. Ukiweka onyo lieleze kitu gani kimeharibika na mtu afanye nini, la sivyo usiliweke.

Rudi baada ya mwezi

Boksi la tatu lilipita vigezo vyote. Bawaba ya kitambaa kigumu, ulimi mpana wa kusukuma kwa kiganja, sekunde 3. Nikajisifu. Mwezi umepita nimerudi nakuta boksi lipo mezani, linatumika vizuri, ila limefunikwa kitambaa.

Nikauliza. Kumbe vifuniko vya kuona ndani vinaonyesha kwa kila mtu. Anayeingia sebuleni, mtoto wake, jirani, mgeni, anatupa jicho kwenye boksi kabla hajasalimia: "Mama, jana mchana hukumeza." "Bibi, hii ya asubuhi mbona ipo?" Mtu mzima aliyelea watoto sita anakaguliwa kwenye meza yake mwenyewe kama mtoto wa darasa la pili. Mimi nilitaka yeye aone, sikuwaza nani mwingine ataona. Hilo halikuwepo kwenye kigezo chochote kwa sababu wakati naandika vigezo nilikuwa namwona yeye na boksi tu, wale wanaopita mlangoni sikuwaona.

Hapa ndo teknolojia inapoingia kwenye maisha ya mtu, sio kwenye kufanya kazi au kutofanya kazi, ila kwenye nani sasa anajua nini, nani anaamua, nani ameacha kufanya kitu alichokuwa anafanya. Ukirudi uliza maswali ya namna hiyo. Nani anaona kitu ambacho zamani alikuwa haoni? Kazi ya nani imepungua na ya nani imeongezeka? Kikiharibika usiku anafanyaje? Kikifa kabisa kinatupwa wapi?

Hayo maswali yanafanya kazi hata kwa vitu vikubwa. Daraja la waenda kwa miguu la Millennium pale London lilifunguliwa 10 Juni 2000 likafungwa siku 2 baadaye, lilikuwa linayumba kulia na kushoto kwa sababu watu likiyumba kidogo wanarekebisha hatua ili wasianguke, na hatua hizo zikilingana zinaliyumbisha zaidi. Likafungwa vidhibiti mtikisiko, likafunguliwa tena 2002. Mfano mzito zaidi ni Thomas Midgley wa Marekani. Mwaka 1921 aligundua kwamba kuweka madini ya risasi kwenye petroli kunazuia injini kugonga (ule mlio wa petroli kuwaka vibaya ndani yake), na kweli kulizuia, kigezo kikapita. Moshi ukaenda kwenye damu ya watu na akili za watoto, na sumu ya risasi ilikuwa inajulikana hata wakati huo. Petroli yenye risasi kwa magari imekuja kuisha duniani 2021, miaka 100 kamili. Huyo huyo akahusika na gesi za CFC za kwenye friji, zikachukua nafasi ya gesi zilizokuwa zinaua watu majumbani, kumbe huko juu zinakula ozoni, mpaka Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuziondoa. Swali "inagonga au haigongi" lilijibiwa vizuri sana. La "huu moshi anavuta nani" likasubiri.

Boksi la nne nililiharibu nikijaribu kuweka vifuniko vya rangi, bibi akawa haoni ndani jioni, halina maana kulielezea. La tano lina ngazi ngazi kama viti vya uwanjani, sehemu ya kuona ndani inaelekea upande mmoja tu, ule wa kiti chake, na ukiwa mlangoni unaona ubao mtupu. Kitambaa kimerudi kwenye redio. Nimeandika tarehe chini ya kila boksi na yote matano ninayo, ukianza kazi yako fanya hivyo, usitupe yaliyofeli manake utasahau kwanini yalifeli utayarudia.

Wiki iliyopita ameniambia kitu kingine. Boksi linajazwa Jumapili na shangazi, na yeye anataka kulijaza mwenyewe, ila vidonge viwili vyeupe vinafanana mno akivimwaga mezani. Sijachora kitu. Jumapili naenda na daftari, nikae nimwangalie anavyovipanga.